Kupima mshono wa pakiti bila kuichana

Nilipoanza kazi ya ukaguzi wa ubora kwenye ufungashaji, kila saa tulichukua pakiti 20 mwisho wa mkanda na kuziharibu zote. Nyingine tulizikata vipande vyenye upana wa milimita 15, tukavibana kwenye mashine ya kuvuta na kuandika ni nguvu kiasi gani inabandua mshono. Nyingine tulizitoboa, tukazisukumia hewa zikiwa zimezamishwa majini, tukatazama mapovu. Zilizobaki tuliziingizia rangi ya buluu kwa sindano na kusubiri tuone kama itapenya kwenye mshono. Vipimo hivi ni halali, vina viwango vinavyotambulika duniani, na mpaka leo sijaacha kuvitumia. Tatizo ni kwamba vinakupa habari za pakiti ambayo haipo tena. Ile inayokwenda kwa mtumiaji haijapimwa na yeyote.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme pakiti 1 katika kila 1,000 ina mshono mbovu, na kasoro zimetawanyika bila mpangilio. Ukichana pakiti 20, uwezekano wa kukutana na hata moja mbovu ni takriban asilimia 2. Ukichana 300, unafika kama asilimia 26. Yaani karibu mara tatu katika kila mara nne utaharibu pakiti 300, usione kasoro, na mzigo uondoke. Hesabu hii niliibandika ukutani juu ya meza ya maabara, kwa sababu kila yalipokuja malalamiko ya pakiti zinazovuja swali la wakubwa lilikuwa lile lile: "Si mlipima?" Tulipima. Vipimo vya kuchana vinafaa sana kujua kama mashine imewekwa sawa, yaani joto, mgandamizo na muda wa kubana. Kimoja kati ya hivyo kikihama, pakiti zote zinaharibika kwa pamoja na sampuli 20 zinatosha kukuonyesha. Lakini chembe ya unga iliyoangukia kwenye mshono wa pakiti moja haiachi dalili yoyote kwenye pakiti ya jirani yake.

Kasoro za namna hiyo ndizo zilizonisukuma kutafuta njia za kupima kila pakiti na kuiacha nzima. Baadhi ya pakiti zetu zilibeba vifaa tiba vilivyotakaswa. Anayekifungua kifaa kama hicho chumba cha upasuaji hana nafasi ya kukipima upya. Anaamini mshono tu, na mgonjwa naye yuko chini ya imani hiyo hiyo bila kujua.

Ni vizuri kuelewa mshono unavyotokea, maana mengine yote yanatoka hapo. Filamu ya pakiti nyingi ina matabaka. La nje mara nyingi ni poliesta, inayoyeyuka karibu na nyuzi 250 za Selsiasi; la ndani ni polithini, inayoyeyuka kati ya nyuzi 105 na 125 hivi kulingana na aina yake. Vyuma vya moto vinapobana, tabaka la nje linabaki imara huku yale ya ndani, la upande huu na la upande ule, yakiyeyuka na molekuli zake kusukana. Likiingia tone la majimaji katikati, au chembe, au unyuzi, au filamu yenyewe ikijikunja, yanaweza kutokea mambo tofauti kabisa. Huenda pakabaki kijia kinachotoka ndani mpaka nje. Huenda uchafu ukazingirwa na plastiki pande zote ukabaki umefungiwa humo. Na huenda nyuso mbili zikagusana tu bila kusukana: ukitazama mshono upo, ukipima hewa hauvuji, lakini ukiuvuta kidogo unaachia.

Siku hizi, mtu akija kuniuliza anunue mashine gani, kwanza namuuliza anaogopa ipi kati ya hizo tatu. Wauzaji wa mashine huanzia kwenye kasi na udogo wa tundu linaloonekana. Wanachosema huwa ni kweli, ila mashine inayoona tundu dogo kuliko zote inaweza isione kabisa mshono uliogusana tu.

Tulianza na macho. Kiwango cha ASTM F1886, cha shirika la viwango lenye makao Marekani, kinahusu hasa ukaguzi wa mshono kwa macho, na kinaeleza kuwa kijia chenye upana wa maikromita 75, takriban unene wa unywele, huonekana kwa uwezekano wa kati ya asilimia 60 na 100. Maana yake kwenye baadhi ya pakiti wakaguzi wazuri walikosa karibu vinne katika kila kumi, na hao walijua wanatafuta nini. Angalau upande mmoja wa pakiti lazima uwe angavu. Kwenye mifuko ya vifaa tiba yenye karatasi upande mmoja na plastiki upande wa pili, mshono mzuri unaonekana kama ukanda wenye rangi sawa mwanzo hadi mwisho. Palipokosa kushika panapauka au panafanya madoa. Kwenye mfuko wenye tabaka la alumini huoni chochote cha ndani, unaona sura ya nje tu.

Wakaguzi wetu walikuwa na bidii, na niliwaheshimu sana. Kilichobadilisha matokeo yao kuliko mafunzo yoyote kilikuwa taa. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja unafanya plastiki ing'ae na kuficha kasoro. Mwanga wa pembeni, unaolala juu ya mshono, unatoa kivuli kwenye kila mkunjo. Tulipoweka pia vichujio viwili vya polaraizi, vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, vikipishana pande mbili za pakiti angavu, chini kukiwa na taa, sehemu ambazo plastiki ilivutwa au kupoa vibaya zilitokea kwa rangi. Lakini jicho linachoka. Baada ya muda mkaguzi anaendelea kutazama na haoni, na hakuna namba inayokuambia dakika hiyo imefika. Tulifupisha vipindi, tukawa tunabadilishana kazi, na kasoro zilizokuwa zikipita mwisho wa zamu zikapungua.

Kisha tukaingia kwenye kipimo cha ombwe, kile kilichoelezwa kwenye ASTM F2338. Pakiti inawekwa ndani ya chemba inayofungwa kabisa, hewa ya chemba inanyonywa, valvu inafungwa, halafu kihisi kinafuatilia presha. Pakiti yenye tundu inatoa hewa yake na presha ya chemba inapanda. Hakuna maji, hakuna rangi, na pakiti inatoka kama ilivyoingia. Famakopia ya Marekani, yaani kitabu cha viwango vya ubora wa dawa, katika sura yake ya 1207 iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka njia kama hii kwenye kundi la vipimo vinavyotegemea kitu kinachopimika kwa namba, tofauti na mapovu na rangi ambavyo bahati na jicho la mpimaji vina nafasi kubwa. Nilifurahi mno tulipoipata. Namba inaweza kuhifadhiwa, ikachorwa, ikafuatiliwa wiki hadi wiki.

Ila pakiti laini ina tabia zake. Ukinyonya hewa ya nje, pakiti inavimba kama haijabanwa, filamu inanyooka, mshono unavutwa, na presha inacheza bila tundu lolote kuwepo. Kwa hiyo chemba lazima iwe na umbo linaloikumbatia pakiti, au utando laini unaoishika isivimbe. Kila umbo la pakiti linahitaji chemba yake. Pakiti isiyo na hewa ndani, iliyofungwa kwa kubanana na bidhaa, inampa kihisi kitu kidogo sana cha kupima. Na pakiti yenye upande wa karatasi inayopitisha hewa haiwezi kupimwa hivi mpaka upande huo uzibwe kwanza.

Kulikuwa na kipindi pakiti nyingi zilikataliwa asubuhi na chache mchana. Mashine ya kuziba ilikaguliwa, vyuma vya moto vikabadilishwa, na asubuhi zikaendelea kuwa mbaya. Chanzo kilikuwa maji. Pakiti zilipitia maji ya kupoza kabla ya kipimo, na asubuhi hewa ya jengo ilikuwa na unyevu mwingi, zikafika zikiwa na matone madogo kwenye mikunjo. Maji ya nyuzi 20 yana presha ya mvuke ya karibu milibari 23. Ukiishusha presha ya chemba kukaribia hapo, matone yanageuka mvuke na kihisi kinaona presha inapanda kana kwamba pakiti inavuja. Tulifunga kipuliza hewa kikavu kabla ya chemba, na mchana na asubuhi zikafanana. Tangu hapo, nikisikia kipimo cha ombwe kinakataa sana, naanza kwa kupapasa pakiti nione kama ni kavu.

Upande wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu unapitisha kilicho kibovu. Pakiti za unga zilipita kwenye ombwe vizuri kabisa, zikapangwa, zikasafirishwa, na baadhi zikafika zimefunguka kwenye mshono. Tulichukua zilizobaki za kundi hilo, tukazipima tena kwenye chemba, zikapita tena. Tulipozikata na kutazama kwa hadubini tukakuta unga umejipanga ndani ya mshono, umebanwa kiasi kwamba hewa haipiti, lakini plastiki pale haijashikana. Majimaji mazito hufanya vivyo hivyo: yanaingia kwenye kijia, yanakiziba, na kipimo kinasoma pakiti kuwa nzima. Chemba haikusema uongo. Iliulizwa kama hewa inatoka, na hewa haikuwa inatoka.

Hapo ndipo altrasaundi ya hewani iliponivutia, na bado ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Utaratibu wake umeandikwa kwenye ASTM F3004. Kihisi kimoja kiko juu ya mshono na kinatuma sauti ya masafa ya juu sana, kingine kiko chini kinapokea, na mshono unapita katikati bila kuguswa. Nguvu ya njia hii iko kwenye tofauti kubwa kati ya hewa na plastiki katika kupitisha sauti: ukinzani wa polithini ni mkubwa maelfu ya mara kuliko wa hewa, kwa hiyo kila mahali sauti inapokutana na mpaka wa hewa na plastiki, zaidi ya asilimia 99.9 ya nishati yake inarudi nyuma. Kwenye mshono mzuri kuna mipaka miwili tu, ya juu na ya chini. Kukiwa na hewa kidogo katikati, hata nyembamba kiasi gani, inaongezeka mipaka miwili mingine, na kile kidogo kilichokuwa kikipita kinakaribia kutoweka. Mchoro unaotoka ni mstari unaotulia kwenye mshono mzima na kuporomoka ghafla pale nyuso zilipokosa kuungana. Alumini haiizuii. Rangi na maandishi kwenye pakiti hayaisumbui.

Mara ya kwanza kuona mstari huo ukidondoka mahali ambapo ombwe lilikuwa limepitisha, na kisha kukata palepale na kukuta unga, niliita zamu nzima ije kuona.

Nayo ina mipaka. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa masafa ya megahezi 1, urefu wa wimbi ni milimita 0.34. Kijia chembamba kuliko hapo hakitoi shimo kwenye mchoro, kinashusha mstari kidogo tu, na kidogo hicho kinaweza kufanana na mabadiliko ya kawaida ya unene wa filamu. Ukipandisha masafa unaona vizuri zaidi, lakini hewa inaimeza sauti haraka, hivyo vihisi lazima vikaribie. Kuna vifaa vinavyotumia maji badala ya hewa, na kwa megahezi 20 urefu wa wimbi majini unashuka hadi karibu maikromita 74; picha zake ni za kupendeza, ila pakiti inalowa, na kwa vifaa tiba vyenye karatasi hilo halikubaliki. Ukingo wa mshono, pembe za mfuko na zipu huleta mchafuko. Tatizo lililotula muda mwingi lilikuwa la kawaida kabisa: pakiti laini haitulii kwenye mkanda. Mshono ukiinama au kupanda milimita chache, mstari unabadilika. Fundi wetu mmoja alitengeneza reli mbili nyembamba zinazoshika mshono kabla tu ya vihisi, na reli hizo zilitusaidia kuliko marekebisho yote ya programu.

Mashine ikishaona, linakuja swali ambalo mashine haijibu: ukatae nini? Altrasaundi ilituonyesha chembe zilizozingirwa na plastiki nzuri pande zote, kwenye mishono isiyovuja wala isiyo dhaifu. Ukizikataa zote, unatupa bidhaa nzuri na watu wanapoteza imani na kipimo. Ukizipitisha zote, utapitisha na ile iliyobakiza uzi mwembamba wa plastiki kati yake na nje. Tulikaa na wahandisi na kukubaliana tupime upana wa mshono uliobaki mzima kando ya kila doa, tukaweka kiwango cha chini, na kila pakiti iliyokaribia kiwango hicho tukaivuta kwenye mashine kwa majuma kadhaa ili tuone kama tunachokiita kizuri kina nguvu kweli. Vipimo vya kuchana vilirudi hapo kwa heshima yote, vikiwa shahidi wa kipimo kisichochana.

Kamera ya joto nayo nimeitumia, na ina kitu ambacho nyingine hazina: inaona mshono ukiwa bado moto, sekunde chache baada ya kutoka kwenye vyuma. Maji yanahitaji takriban mara mbili ya joto linalohitajiwa na polithini ya uzito sawa ili kupanda nyuzi sawa, na yakigeuka mvuke yanachukua zaidi, kwa hiyo tone lililonaswa kwenye mshono linaonekana kama doa la baridi. Mwendesha mashine anaona papo hapo kwamba bomba la kujazia linadondosha, anasimamisha, anafuta. Kwa mifuko ya vimiminika, hii ilipunguza kasoro zenyewe kutokea, jambo ambalo kipimo cha mwisho wa mkanda hakiwezi. Kwenye filamu yenye alumini haikutufaa sana, maana alumini inasambaza joto pembeni haraka na doa linafutika kabla kamera haijalisoma.

Jambo lililonipa taabu kuliko yote ni kutengeneza kasoro za makusudi. Huwezi kuamini kipimo mpaka ukipe pakiti mbovu unayoijua. Tulilaza waya mwembamba kwenye mshono, wa maikromita 50, 75 na 125, tukaziba juu yake, kisha tukauvuta waya utoke na kuacha kijia. Siku ya kwanza vinafanya kazi. Baada ya muda plastiki inarudi polepole, kijia kinajifunga, na pakiti uliyoiandika kuwa mbovu inapita. Mtu asiyejua anadhani mashine imeharibika, au mbaya zaidi, anashusha kiwango. Matundu yanayotobolewa kwa leza yanadumu na umbo lake vizuri zaidi, lakini ni matundu ya kwenye filamu, hayaigi kijia kinachopita mlalo ndani ya mshono. Kwa hiyo tunahitaji yote mawili, na za waya tunatengeneza mpya mara kwa mara na kuandika tarehe juu yake. Nyingine tunazichanganya kimya kimya kwenye mkanda katikati ya zamu, zikiwa na alama inayoonekana kwenye mwanga maalumu tu. Zisipokamatwa, kila kilichopita tangu ukaguzi wa mwisho kinazuiliwa. Hili linaumiza kila linapotokea, na sikubali lipuuzwe.

Faida moja ya kutoharibu pakiti hatukuitarajia kabisa. Kiwango cha ISO 11607 kinataka kizuizi cha usafi wa vifaa tiba kibaki kizima hadi wakati wa kutumiwa, kwa hiyo pakiti hutikiswa, huangushwa na kuzeeshwa maabara. Zamani tulichana kundi moja kabla na kundi jingine baada, na tofauti yoyote ingeweza kuwa ya pakiti zenyewe. Sasa tunapima mshono ule ule kabla ya mtikiso na baada yake, tukiweka mchoro mmoja juu ya mwingine. Tumeona madoa yaliyokuwa madogo yakirefuka kuelekea ukingoni, na tumeona mengine yakikaa vile vile mpaka mwisho. Kiwango chetu cha kukataa tumekirekebisha kwa ushahidi huo.

Kazi iliyo mezani kwangu hivi sasa ni filamu za aina moja. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2025/40 inataka vifungashio viwe vinaweza kurejelezwa ifikapo mwaka 2030, na poliesta iliyogandishwa na polithini ni ngumu kutenganisha, kwa hiyo watengenezaji wengi wanahamia kwenye pakiti ya polithini tupu. Tabaka la nje na la ndani sasa yanayeyuka kwa joto lililokaribiana. Nafasi ya kucheza na joto imekuwa finyu: ukizidisha kidogo ukingo unanywea na kujikunja, ukipunguza kidogo nyuso zinagusana bila kusukana. Hiyo ni ile kasoro ya tatu, isiyovuja na isiyoshika, na tunaiona mara nyingi kuliko kwenye filamu za zamani. Mstari wa altrasaundi wa filamu hizi uko juu kidogo na una mawimbi zaidi, kwa hiyo mipaka tuliyoizoea inakataa ovyo. Tumeanza upya na waya, pakiti za makusudi na mashine ya kuvuta, na kwa sasa mashine ya altrasaundi inarekodi tu bila kukataa chochote, mpaka tupate namba za kutosha kuiruhusu iamue.